Koleta Kashindye, Mwenye Noeli ya Mtakuja (1924–1982)

Tunayemlaza leo ni Koleta Kashindye, mke wa Silasi Lugembe wa kijiji hiki cha Mtakuja. Maneno haya ameyasema mumewe, kwa kuwa ndiye aliyekaa naye muda mrefu kuliko wote waliosimama hapa. Ameyaandika binti yao Kabula, na ndiye anayeyasoma. Mzee amesema yasiwe marefu. Amesema pia kuna neno moja la kusafishwa kabla udongo haujarudishwa. Watu wameuliza miaka mingi kwa nini mama huyu, aliyesalisha Noeli ya kijiji kizima nyumbani kwake, alikuwa mwenyewe hapokei komunyo. Litajibiwa mahali pake.

Marehemu alizaliwa Lusu, Nzega, tarehe 9 Machi 1924. Tarehe hiyo imetoka katika kitabu cha ubatizo cha misheni. Wazazi wake wao walisema tu kwamba ulikuwa mwaka ambao mvua haikukatika. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Kashindye, mkulima na mfugaji. Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi pwani mara tatu, na mara ya tatu alirudi na Kiswahili, kikohozi na doti ya kaniki. Marehemu alikuwa akisema katika vitu hivyo vitatu yeye alirithi Kiswahili, vilivyobaki ndugu zake wagawane.

Alisoma shule ya masista kuanzia 1933 hadi 1936, akafika darasa la tatu. Alijifunza kusoma, kuandika na kushona. Komunyo ya kwanza aliipokea mwaka 1934. Sista mmoja alimpa kitabu kidogo cha Injili, na kitabu hicho kimekaa naye mpaka juzi. Jalada lake la kwanza liliisha. La pili lilikuwa ngozi ya mbuzi, panya wakaila. La tatu ni kitambaa cha kaki alichoshona fundi Twalibu, jirani yetu. Aliacha shule mama yake alipopooza, kwa kuwa dada zake walikuwa wameshaolewa na mtu wa kumgeuza mgonjwa hakuwapo.

Mwaka 1944 alikuja Kigwa kumsaidia dada yake aliyejifungua. Huyu Lugembe, mumewe wa baadaye, alikuwa kibarua wa reli hapo tangu 1938, katika genge la kutengeneza njia. Marehemu alikuwa akiuza karanga za kuchemsha stesheni. Siku ya kwanza mumewe alinunua, akatafuna, akamwuliza, "Binti, hizi karanga umezichemsha au umezitisha tu na maji?" Akajibu, "Mbona wenye meno wananunua wananyamaza?" Mumewe alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Karanga hazikuiva vizuri wiki nzima, lakini alirudi.

Ng'ombe walifika Lusu, na ndoa ya kimila ilifungwa tarehe 22 Septemba 1945. Hapa ndipo penye lile neno.

Mumewe hakuwa Mkristo. Padri alisema kabla ndoa haijabarikiwa kanisani, mume akae mafundisho. Kama hataki kubatizwa, angalau ajue mke wake anaamini nini. Mpaka hapo, mke asipokee komunyo. Mumewe alikubali. Alikwenda mafundisho miezi miwili, kila Jumamosi baada ya kazi. Mafundisho yalikuwa ya kitabu, naye hakujua kusoma, basi alikariri kwa kusikia wengine. Siku moja katekista wa wakati ule, ambaye si huyu wa leo na amekwishafariki, alimsimamisha akamwuliza swali. Akajibu jibu la swali jingine. Watu wakacheka. Katekista akasema, "Kichwa hiki kimejaa kokoto za reli, neno litaingilia wapi?" Watu wakacheka tena. Mumewe alichukua kofia yake akaondoka, na akasema mkewe akisikia kwamba hatarudi pale.

Hakurudi. Basi marehemu alikaa benchi la nyuma, na wenzake wakienda mbele yeye alibaki amekaa. Ilikuwa hivyo kwa Noeli thelathini na nne. Wapo waliosema amefungiwa kwa sababu ya uganga. Wapo waliosema ni kwa sababu ya kula na Waislamu. Wengine walisema kuna mtoto alimzaa Lusu akamficha. Hakuna hata moja lililo kweli. Hakuwa na kosa. Mumewe alichekwa siku moja, akamwachia mkewe aibu hiyo aibebe miaka yote. Alijua, akanyamaza. Marehemu naye aliulizwa mara nyingi na hakumtaja mumewe hata mara moja. Alikuwa akisema, "Ni mambo ya nyumbani."

Walijaliwa watoto saba. Wawili walifariki wadogo, wote kwa surua, mwaka 1952. Marehemu alilima karanga, mahindi na mpunga wa mbugani. Baada ya uhuru, kisomo cha watu wazima kilipoanza, alijitolea kufundisha. Wazee wengi waliosimama hapa wanaandika majina yao kwa sababu yake. Mumewe hakwenda darasani. Alisema mke hamfundishi mume mbele za watu. Ndiyo maana mpaka leo anaweka dole gumba.

Agosti 1974 ilikuja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa kutoka ng'ambo ya mto kuja hapa Mtakuja. Marehemu alipanda lori na kuku watatu, kitabu chake na jiwe la kusagia. Mtu wa lori alimwambia, "Mama, jiwe la nini? Huko mnakokwenda kuna kila kitu." Akamwambia, "Vyote mlivyovitaja mkutanoni nilivisikia. Jiwe sikulisikia." Jiwe lilipakiwa.

Huku hakukuwa na kigango. Kanisa lilibaki ng'ambo, na masika mto haupitiki. Palikuwa na familia tano za Kikatoliki na mbili za Kimoraviani, nyumba nyingi zikiwa bado miti na udongo mbichi. Jirani wa karibu alikuwa Twalibu, fundi cherehani kutoka Kigwa, ambaye ni balozi wetu wa nyumba kumi, na mkewe Mwanahawa. Marehemu na Mwanahawa walizoeana kabla nyumba hazijaezekwa. Waliazimana moto, chumvi na sindano.

Mumewe ameomba Noeli ya mwaka ule isimuliwe kama ilivyokuwa, kwa kuwa wengi mnaijua kwa vicheko tu.

Jumapili ya kwanza ya Desemba marehemu alivuka mto kwenda kusali, maji yakiwa bado magotini. Katekista Anselm aliwaambia zimebaki siku ishirini na nne kufika Noeli. Aliporudi alihesabu punje ishirini na nne za mahindi akazitia katika kibuyu. Kalenda haikuwapo. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na redio, lakini betri zilikuwa hazipatikani. Ila treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilipita Kigwa kila siku, na honi yake ilisikika mpaka hapa. Kila treni ikipiga honi, marehemu alitoa punje moja. Punje zikiisha, ni Noeli. Familia zote saba zilimtegemea yeye.

Katikati ya mwezi mvua ilikata tuta la reli upande wa Goweko, na mumewe akaitwa na genge lake. Siku hiyohiyo marehemu alipatwa na homa kali, akalala siku sita hajui asubuhi wala jioni. Mwanahawa alimwuguza. Homa ilipoanza, kabla hajazidiwa, marehemu alikuwa amemwambia, "Dada, kibuyu kile. Treni ikipita toa punje moja. Usisahau." Mwanahawa alisema hatasahau, na hakusahau. Siku tatu njia ilikuwa imekatika na treni haikupita. Siku hizo tatu hakutoa punje.

Mumewe alirudi kwa miguu, akipita juu ya daraja la reli, tarehe 28 Desemba, Jumamosi mchana. Tarehe aliijua, maana Jumatano tarehe 25 mnyapara aliwapumzisha wakachinja mbuzi. Alipofika alikuta uwanja umefagiwa, watoto wameogeshwa na kupakwa mafuta, watu wamejaa kwenye mikeka. Pembeni ya mlango kulikuwa na ungo, na ndani ya ungo ng'ombe na kondoo wa udongo wa mfinyanzi waliofinyangwa na watoto, na kitoto cha udongo kimefunikwa kipande cha kanga. Kando ya ungo marehemu alikuwa ametandaza ushanga. Mashamba yetu haya ni njia ya zamani ya wapagazi, na jembe hutoa ushanga wao kila msimu. Sukari haikuwapo dukani tangu Oktoba, basi chai ilikuwa ya asali. Kulikuwa na matobolwa ya viazi vitamu, wali, na jogoo mmoja kati ya wale watatu. Mwanahawa alikuwa akigawa vikombe. Idi ya kuchinja ilikuwa imepita siku chache tu, naye alikuwa amemletea marehemu nyama. Siku hii alikuja kula ya huku.

Mumewe alisimama na sepetu lake begani. Twalibu, aliyekaa mbele kwa kuwa ni balozi, alimwambia, "Karibu Mzee Lugembe. Umeiwahi. Leo ndiyo Noeli ya mkeo."

"Leo?"

"Kwani huko reli hamhesabu siku?"

"Tunahesabu mataruma," mumewe alisema.

Watu wakacheka. Marehemu alikuwa amesimama na kitabu, amekonda kwa homa, kanga imemzidi. Alimtazama mumewe, akamwonyesha kwa kidevu kigoda kilichokuwa wazi. Miaka yote Noeli ilimkuta mumewe kazini, au alijipa kazi. Aliweka sepetu chini akakaa. Marehemu akasoma habari ya kuzaliwa kwa Bwana tangu mwanzo hadi mwisho, polepole, kama alivyowasomea watu wa kisomo. Mumewe alikuwa hajawahi kuisikia yote. Alikunywa chai yake. Tarehe hakuitaja.

Mto ulipopungua, tarehe 12 Januari, katekista Anselm alivuka kuja kutusalimu. Marehemu alimweleza walivyosali, watu wangapi, nyimbo gani. Anselm akauliza siku. Akahesabu kwa vidole. Akasema, "Mama, Noeli ilikuwa Jumatano. Nyinyi mmesali Jumamosi."

Mwanahawa aliitwa. Akasema, "Niliambiwa treni ikipita nitoe. Haikupita. Nitoe nini?"

Twalibu akasema, "Afadhali huyu hakupewa kuhesabu Ramadhani. Tungekuwa tumefunga mpaka sasa."

Mwanahawa akamwambia, "Wewe balozi wa nyumba kumi, unazijua ngapi?"

Marehemu hakucheka siku ile. Aliona amewakosesha watu Noeli, familia saba. Anselm alimwambia haidhuru, sala ni sala. Alipoondoka, marehemu alimgeukia mumewe.

"Baba Ngollo, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshaogesha watoto."

Ikawa jioni. Walikuwa wanabangua karanga za mbegu. Akasema, "Kama umeweza kukaa kwenye ile isiyo yenyewe, utaweza kukaa kwenye yenyewe."

Mumewe akamwambia, "Kule nilichekwa."

"Nani kasema kule? Nitakufundisha hapa. Kitabu sitakishika. Utasikia tu."

Alimwomba padri, na padri mpya alikubali. Hivyo ndivyo mumewe alivyofundishwa, jioni kwa jioni, mikono ikiwa kwenye karanga. Alikuwa na kichwa kigumu, hilo ni kweli, na alikuwa akisinzia. Ilichukua zaidi ya miaka minne. Mwaka 1976 alistaafu reli, akapata muda zaidi, lakini hakuwa mwepesi zaidi. Alipokosea marehemu alirudia swali lilelile kwa sauti ileile. Mara moja tu alishindwa kujizuia. Alimwuliza Mungu yuko wapi, na jibu ni kwamba yuko mahali popote. Mumewe akauliza, "Hata Kaliua?" kwa sababu alishafanya kazi kule miaka miwili akaliwa na mbung'o. Marehemu aliweka ungo chini akacheka mpaka machozi. Halafu akasema, "Hata Kaliua. Endelea."

Noeli zilizofuata zilisaliwa nyumbani kwao vilevile, hata baada ya kanisa la miti kujengwa hapa mwaka 1977, kwa kuwa lilivuja. Mumewe hakuwa na kazi tena siku hiyo. Yeye ndiye aliyefagia uwanja.

Jumapili tarehe 23 Desemba 1979 padri alifika. Mumewe alibatizwa akaitwa Silasi. Ndoa ilibarikiwa, mbele ya watoto wao na wajukuu, Twalibu na Mwanahawa wakiwa wamekaa mlangoni. Marehemu alikwenda mbele akapokea komunyo. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Alirudi akakaa benchi la nyuma. Mumewe alimnong'oneza kwamba sasa anaweza kukaa mbele na wenzake. Akasema, "Huku nimezoea. Nawaona watu wote." Walipofika nyumbani alipika ugali na nsansa, mboga ya majani makavu ya kunde, kama siku nyingine, kwa kuwa wali ulikuwa umewekewa Noeli.

Alianza kuugua Mei 1982. Tumbo lilijaa, miguu ikavimba. Juni alilazwa hospitali Tabora wiki tatu, Septemba akalazwa tena wiki mbili. Madaktari walisema ni ini, nao walifanya walichoweza. Novemba aliomba arudi nyumbani. Daktari alimwuliza kuna nini huko nyumbani cha haraka. Alimwambia, "Kuna uwanja wa kufagia." Alirudi kwa treni hadi Kigwa, na kutoka stesheni kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Noeli iliyopita, Jumamosi tarehe 25, padri hakuweza kufika. Petroli haikupatikana. Watu walikuja nyumbani kama kawaida. Marehemu alilala kwenye kitanda kilichotolewa barazani, ungo wake ukiwa pembeni. Macho yalikuwa yameshindwa kitabu. Kabula alitaka kusoma, marehemu akakataa. Akasema, "Asome baba yenu."

Mumewe hajui kusoma, mnajua. Alisimama akasema habari ile kwa kichwa, kama alivyofundishwa juu ya karanga. Alisema habari ya kuandikwa watu, safari ya kwenda Bethlehemu, nyumba ya wageni kukosa nafasi, hori ya ng'ombe. Akafika kwa malaika waliosifu, akaketi.

Marehemu akasema kutoka kitandani, "Umewaacha wachungaji."

Hakuna aliyecheka. Mumewe alisimama tena akarudi nyuma, akawataja wachungaji waliokuwa wakikesha makondeni, na jinsi walivyokwenda kwa haraka, akamaliza. Marehemu akasema, "Hapo sawa." Akaomba chai ya asali, akanywa nusu kikombe, kilichobaki akampa Mwanahawa.

Kesho yake, Jumapili, katekista Anselm alifika kwa baiskeli na komunyo aliyoagizwa na padri. Marehemu aliipokea akiwa na akili zake zote. Alifariki Alhamisi tarehe 30 Desemba 1982, saa moja asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akiwa amekaa karibu naye.

Ameacha mume, Silasi Lugembe. Ameacha watoto watano: Ngollo aliyeko Mwanza, Kabula, Shilinde, Mahona na Lukumani. Huyo wa mwisho jina lake alilitoa Twalibu, aliyefahamiana na mumewe tangu Kigwa, na marehemu alilikubali. Ameacha wajukuu kumi na tisa, vitukuu wawili, na dada mmoja huko Lusu ambaye hakuweza kusafiri. Ameacha Mwanahawa, ambaye ndiye aliyemwosha.

Familia inawashukuru wauguzi wa Tabora, balozi na wananchi wa Mtakuja waliochimba kaburi mvuani, na katekista kwa baiskeli yake.

Mzee amesema tumalizie hivi. Aliyewahi kumsema vibaya mama huyu kwa ajili ya lile benchi la nyuma asiende kumwomba msamaha mtoto wake yeyote. Amsamehe Lugembe, yatakuwa yamekwisha. Na Noeli ijayo, Mungu akipenda, itasaliwa nyumbani kwake uwanjani kama miaka yote. Mumewe ataisema yeye mwenyewe. Mwenye kigoda aje nacho.

Koleta, mama Ngollo, kaa kwa amani ya Bwana.